Nusu ya Kidonge cha Agnesa

Roven ya Juu, 26 Novemba 1986

Mume wangu Cyril,

Sisi huku hatujambo, mashaka yetu ni juu yako na baridi ya huko kambini. Theluji imefika dirishani. Binti yako leo ana siku kumi na tano, na jina lake ni Agnesa kama tulivyokubaliana kabla hawajakunyoa nywele na kukupeleka jeshini huko Bohemia.

Ni mpole mno, hata naona haya kumsifu. Ikifika saa ya kunyonya mimi ndiye ninayemwamsha, namkuna nyayo, nampuliza usoni. Ananyonya kidogo, kisha anasinzia na ziwa mdomoni. Bi Terka wa nyumba ya pili, aliyelea saba, kaja kumwona akasema, "Hedviga, wewe umepewa malaika. Wangu walinikausha ubongo kwa kelele." Ngozi bado ina umanjano kidogo, na siku akilia, basi sauti yake nzito kama ya mzee mvuta kiko. Tunacheka.

Mama yako ananifulia nepi, ananipikia, hanipi nafasi ya kushika ufagio. Lakini Cyril, mtoto hajambeba hata mara moja. Jana nilimwambia, "Mama, hebu mshike nivae viatu." Akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Mlaze kitandani," akatoka. Sijui nimemkosea nini. Labda bado hajanisamehe kwa kutoka mjini.

Asiyebanduka ni mjomba Vendelin. Anakaa karibu na jiko na koti lake la ngozi ya kondoo, huyo mtu mzima wa miaka arobaini mwenye kimo cha mtoto wa darasa la nne, anamtazama Agnesa kutwa nzima. Hasemi kitu. Unakumbuka siku ya kwanza uliyonileta hapa ulininong'oneza kwamba mjomba alipata ajali akiwa mchanga, na kwamba mbele ya mama jambo hilo haliulizwi. Siulizi.

Wako,
Hedviga


Kambini, 2 Desemba 1986

Hedviga mpenzi,

Barua yako nimeisoma chooni, mahali pekee ambapo sajenti hanifuati. Kisha nikaisoma tena kwa sauti bwenini, wote wakanipigia makofi. Mwenzangu mmoja, kinyozi wa Košice, ana mtoto anayelia tangu magharibi hadi alfajiri. Akaniambia, "Tubadilishane, nakuongezea na baiskeli." Nimekataa.

Mama usimjali. Yeye hata mimi hakunibeba. Nililelewa na bibi mpaka nikaweza kutembea, ndipo mama akanishika mkono. Ndivyo alivyo.

Likizo hakuna mpaka kiangazi. Mbusu malaika wangu.

Cyril


Roven ya Juu, 3 Desemba 1986

Cyril,

Jumamosi ilikuja telegramu kutoka hospitali ya wilaya: mlete mtoto mara moja. Sababu haikuandikwa. Niliisoma nimesimama kwenye theluji, na mtu wa posta mwenyewe hakuondoka, alingoja kuona kama nitaanguka.

Basi la kwanza lilikuwa Jumatatu. Daktari ni mwanamke, Horecka, mvi kichwani, mikono mikavu. Alimvua Agnesa nguo zote akamtazama kwa muda mrefu, tumbo, kitovu, ulimi, akamgusa miguu iliyokuwa baridi.

"Analala sana?" akaniuliza.

Nikasema kwa fahari, ewe Mungu, kwa fahari, "Sana. Ni mtoto mpole."

"Si mpole, binti yangu. Hana nguvu."

Unakumbuka nilikuandikia kwamba siku ya tano sista alimchoma kisigino nikamkasirikia? Alikamua matone kwenye karatasi nene inayonyonya wino. Matone yale yalisafiri kwa posta, yakapimwa mbali huko pamoja na ya watoto wengine mamia. Ya Agnesa peke yake ndiyo yaliyorudi na telegramu. Daktari alinieleza polepole, nami nakuandikia kama alivyosema. Hapa mbele ya shingo kila mtu ana tezi, ina umbo la kipepeo. Inatoa homoni inayouambia mwili uwake: moyo upige, tumbo lisage, mifupa irefuke, ubongo ujijenge. Ubongo ukiona homoni imepungua, unapiga hodi kwa tezi ili itoe nyingine.

"Hii namba ni hodi," akasema, akaweka kidole kwenye karatasi. "Kwa mtoto wa umri huu haifiki kumi. Ya wako ni zaidi ya mia. Ubongo wake umekuwa ukigonga mlango tangu azaliwe, na ndani hamna mtu. Hakuzaliwa na tezi."

Nilimuuliza kama ni mvua ile ya baada ya mlipuko wa mtambo wa nyuklia mwezi wa Aprili, ambayo kila mtu anaisema kwa kunong'ona. Akasema hapana, na si chakula changu, wala si kazi niliyofanya. Mtoto mmoja katika elfu kadhaa huja hivyo. "Ungejifungua miaka mitatu nyuma, tusingejua chochote mpaka akawa mkubwa na hatembei. Sasa tuna siku za kuwahi. Ubongo hausubiri."

Kisha akafungua droo akatoa kidonge kidogo cheupe, akakikata kwa wembe. Nusu. Kila asubuhi nusu, kisagwe, kichanganywe na kijiko cha maji, apewe kabla ya kunyonya. Kila siku ya maisha yake. Nikakitazama kile kipande, Cyril, kingepotea katika mkunjo wa kiganja. Nikasema, "Ni hiki tu?" Akacheka kidogo. "Sehemu kubwa ya hicho ni wanga wa kushikilia. Dawa yenyewe iliyomo huwezi kuiona kwa macho. Kwa kipimo chake cha leo, gramu moja ingemtosha kwa zaidi ya miaka mia."

Nimerudi nyumbani na chupa mfukoni, naishika njia nzima. Mama nimemweleza. Ameendelea kumenya viazi.

Hedviga


Roven ya Juu, 20 Desemba 1986

Mwanangu Cyril

Mimi si mtu wa barua unajua. Mkeo anampa mtoto dawa ya hospitali. Mtoto alikuwa mzima ametulia. Sasa analia usiku na mchana amekuwa mwekundu anarusha miguu kama anaungua. Mimi siongei mbele ya mkeo kwa sababu mtoto ni wake. Lakini wewe ndiye baba. Nimekufumia soksi mbili ziko kwenye kifurushi na kitunguu saumu.

Mama yako
Paulina


Kambini, 28 Desemba 1986

Hedviga,

Nimepata barua ya mama. Yeye haandiki hata mtu akifa, kwa hiyo kama ameandika, jambo ni zito. Krismasi yote sikula. Daktari mmoja, mara moja, karatasi moja! Na kama matone yamechanganywa na ya mtoto mwingine? Mtoto aliyekuwa analala vizuri sasa analia usiku na mchana, nawe unaendelea kumpa?

Acha hiyo dawa mpaka nipate mtu wa kumuuliza huku. Nakuomba. Na kama kuomba hakutoshi, mimi ni baba yake, nakuagiza.

Cyril


Roven ya Juu, 6 Januari 1987

Cyril,

Sitaacha.

Nimekaa na neno hilo siku nzima nikitafuta namna ya kulilainisha, sikuipata. Wewe uko mbali, na mama yako anaona machozi tu. Mimi nitakuambia nilichoona.

Siku ya nne miguu yake ilikuwa na joto. Mimi nilifikiri nimemfunika kupita kiasi, nikamfunua, bado joto. Siku ya sita alijinyea nepi tatu, mtoto ambaye alikuwa anakaa siku nne bila choo. Siku ya tisa alilia kwa njaa. Alilia, Cyril, kwa sauti mpya nyembamba, sauti ya mtoto, ile ya mzee mvuta kiko imekwenda zake. Nikakimbia kutoka zizini na ndoo mkononi. Na siku ya kumi na mbili, nikiwa namfunga nepi, macho yake yalinifuata. Nikasogea kushoto yakaja kushoto. Nikasogea kulia yakaja kulia. Nikapiga magoti pale sakafuni kwa sababu nilijua kwamba kabla ya siku ile binti yetu alikuwa hajaniona.

Kilio unachokiogopa ndiyo sauti ya mtu anayerudi nyumbani. Niagize utakavyo.

Hedviga


Kambini, 19 Januari 1987

Hedviga,

Nisamehe. Sina neno jingine la kuanzia.

Nilikwenda kwa daktari wa kikosi, meja mzee ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni kukimbia uwanja mara nne. Nilimsomea barua zako mbili. Alivua miwani.

"Ana siku ngapi tangu aanze dawa?"

"Siku arobaini na tisa, bwana meja."

"Na wewe ndiye uliyemwandikia mkeo aache?"

"Ndiyo, bwana meja."

Alinipigia kelele hata karani akachungulia. Kisha akatulia, akaniambia kwamba baada ya vita alitumwa milimani kwetu, bado kijana. Alikuwa akiingia kijijini anakuta wanawake wenye rovu shingoni kama mkate, na nyuma ya majiko watu wazima wenye kimo cha watoto, wamevaa makoti wakati wa kiangazi. "Tuliwapa chumvi yenye madini ya joto, na waliozaliwa baadaye wakawa wazima. Lakini wale wa nyuma ya majiko hatukuwa na la kuwafanyia. Tuliandika majina yao tu. Na wewe, mjinga, umepewa tone la damu la kisigino!" Akanipa karatasi na kalamu, akanisimamia mpaka nikaandika hii.

Hedviga, alipotaja makoti sikumwambia kitu. Lakini usiku wa leo sidhani kama nitalala. Nadhani unajua ninamfikiria nani.

Cyril


Roven ya Juu, 10 Machi 1987

Cyril,

Keti kwanza. Mtoto yupo, anapumua, ananyonya, hilo nalitanguliza.

Bi Terka alikuandikia kwamba Februari nililazwa kwa kichomi siku kumi na sita. Maagizo niliyaacha kwenye karatasi juu ya kabati, na mama aliitikia kwa kichwa. Niliporudi Alhamisi, Agnesa hakunigeukia. Nikadhani amenisahau. Nikamshika mguu, baridi. Bi Terka akasema, "Siku hizi katulia kweli, malaika wetu amerudi."

Ijumaa damu ikatolewa, na jana tukaitwa kwa majibu. Tulikwenda wote wanne, maana mjomba hawezi kubaki peke yake. Januari namba ya hodi ilikuwa imeshuka mpaka nne. Sasa ni sabini na mbili.

"Nani alikuwa anampa dawa?" daktari akauliza.

"Mama mkwe. Kila siku."

"Huyu hajameza kitu wiki mbili. Karatasi haina sababu ya kunidanganya."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake. Alikuja mpaka mezani, akatoa leso, akaikunjua. Vipande vyote vilikuwemo, kumi na sita, havikumeguka hata kimoja.

"Sikutupa," akasema. "Si mali yangu."

Nilitaka kumrukia. Nakuambia kweli, kama nisingekuwa nimembeba mtoto ningemrukia. Lakini daktari hakupaza sauti. "Kwa nini, mama?"

"Vilikuwa vinamliza. Nimemwona anapumzika vilipoisha mwilini. Mimi nawajua watoto wazima. Huyu hapa," akamwonyesha mjomba, "alikuwa hivyo hivyo. Mpole, analala, kijiji kizima kinamsifu, kabla…"

"Kabla ya nini?"

Mama alikuwa anatazama leso.

"Kabla sijamwangusha."

Cyril, mama yako alikuwa na miaka tisa. Walikuwa wanarudi kutoka kukata nyasi, yeye juu ya mkokoteni uliojaa, na mdogo wake mapajani. Gurudumu likaingia shimoni. Mtoto akamponyoka, akaanguka chini. Hakulia. Mama akashuka akamwokota, akampangusa vumbi, akapanda tena, wala baba yake aliyekuwa mbele na farasi hakugeuka. Hakumwambia mtu. Na Vendelin alipokawia kutembea, akakawia kusema, akaacha kurefuka, watu wote wakajiuliza kwa nini, na yeye peke yake ndani ya nyumba ile akawa anajua. "Ajali" ndilo neno la pekee alilowahi kumpa mtu yeyote, nawe ulilipokea hivyo.

Daktari akaketi upya. "Siku hiyo alikuwa na miezi mingapi?"

"Kumi."

"Alikuwa anakaa mwenyewe?"

"Hapana. Tulimwegemezea mito."

"Anatambaa?"

"Hapana."

"Akiona njaa, alikuwa analia?"

"Tulikuwa tunamwamsha ale."

"Ulimi wake?"

"Mkubwa. Ulikuwa unachungulia nje. Mama yetu alikuwa akisema huyu hashibi."

Daktari aliinuka, akazunguka meza, akachuchumaa mbele ya mjomba. Akamgusa shingo, akamfungua mdomo akamulika, akamshika vidole vile vinene, vikavu. Akakaa hivyo kitambo bila kuviachia. Kisha akamgeukia mama.

"Mtoto wa miezi kumi asiyekaa, asiyelia, anayeamshwa ale, huyo tayari ni mgonjwa. Ugonjwa wake ni huu wa mjukuu wako. Alizaliwa nao. Ulimwangusha mtoto mgonjwa, mama Paulina. Hukumfanya mgonjwa."

Mama hakwenda kwenye kiti. Alikaa chini, palepale sakafuni, na koti lake na kitambaa chake cha kichwa. "Miaka arobaini," akasema. Mjomba alimwona, akateremka kwenye benchi taratibu, akaja akakaa sakafuni karibu naye.

Nilimuuliza daktari kuhusu wiki zile mbili, kama zimemwibia Agnesa kitu. Akasema, "Sitakudanganya, sijui. Tuendelee bila kukosa hata siku moja, tumtazame anavyokua." Kisha akamtoa mjomba damu.

Leo asubuhi nilimkuta mama na kijiko na maji tayari. Hakuniomba ruhusa. Alimtoa Agnesa kitandani, akakaa naye mapajani, kiganja kimoja nyuma ya kichwa, na mkono wake ukatulia mpaka tone la mwisho. Sijamsamehe bado. Lakini nilisimama mlangoni mpaka alipokisuuza kijiko.

Hedviga


Kambini, 18 Machi 1987

Hedviga,

Kumbe ndiyo maana hakunibeba. Miaka ishirini nilidhani ni mimi.

Barua yako nimeikunja ndogo, naivaa ndani ya shati. Mwambie mama… usimwambie chochote, nitamwambia mwenyewe. Niulizie daktari jambo moja: mjomba akipewa dawa, atakuwa kama sisi?

Cyril


Roven ya Juu, 21 Juni 1987

Mpenzi Cyril,

Swali lako nililiuliza, na jibu lilinichukua muda kukubali kuliandika. Hapana. Ubongo hujengwa katika miaka ya mwanzo, na yake imepita. Kuna kipande kidogo cha tezi nyuma ya ulimi wake, kama punje, hicho ndicho kilichomweka hai miaka yote hii, kinafanya kazi ya tezi nzima. Hodi yake ilikuwa kubwa hata mashine ikashindwa kuihesabu. "Kwa akili tumechelewa," daktari akasema, "kwa mwili hatujachelewa." Walianza na kijipande ambacho hata ndege asingekiona, kwa kuogopa moyo usishtuke, wakawa wanaongeza kila mwezi.

Sasa nikuambie. Mwezi wa Aprili ngozi ya mikono yake ilianza kuchubuka, na chini yake ikatoka ngozi laini. Mei nyusi ziliota, nyeusi, Cyril, mama anasema ni nyusi za babu yako. Uvimbe wa uso umeshuka na uso mwingine umetokea, nami namtazama mezani kama mgeni aliyeingia jana. Sauti imekuwa nyepesi. Wiki iliyopita mama alichelewesha supu, mjomba akapiga meza kwa ngumi. Tukaruka wote. Mama akasema, "Amekasirika! Hedviga, umeona? Amenikasirikia!" Akacheka mpaka akashika ubavu, akamjazia bakuli mara mbili.

Na Jumanne, jua likiwa kali, alisimama mlangoni, akavua koti la ngozi ya kondoo, akalitundika msumarini. Akatoka nje na shati tupu. Hakuna aliyemwambia. Mama na mimi tulibaki dirishani na mikono yenye unga, tunamtazama akienda mpaka kwenye ua, akageuza uso juani, akafumba macho. Mtu wa miaka arobaini ambaye hajawahi kuhisi joto. Mama akanishika kiganja, unga kwa unga, na hatukuachiana mpaka aliporudi ndani. Nadhani siku hiyo ndiyo nilimsamehe, au nilisahau kwamba nilikuwa sijamsamehe.

Agnesa anakaa mwenyewe. Miezi saba, bila mto! Hodi yake ni tatu. Ananivuta nywele, anamvuta mama nywele, anamvuta daktari miwani. Asubuhi mama anaweka vijiko viwili mezani, kimoja cha huyu na kimoja cha yule, na wote wawili wanafungua midomo kwa pamoja.

Likizo yako ya Julai tunaihesabu kwa vidole.

Hedviga


Kambini, 4 Septemba 1987

Kwa mjomba Vendelin,

Mjomba, hii ni barua yako. Atakusomea Hedviga.

Nilipokuja likizo ulinishika shati ukanipeleka kunionyesha mbuzi mdogo. Siku ile nilikuwa na neno la kukuambia, nikazungumzia mbuzi tu. Nasema sasa.

Nilipokuwa na miaka kumi, wenzangu wa shule walikuja nyumbani. Ulikuwa umekaa nje kwenye magogo. Wakaniuliza, "Yule nani?" Nikasema, "Anachunga ng'ombe wetu." Wakakurushia matufaha mabovu. Mimi nilirusha moja. Lilikupata begani, ukaliokota ukanirudishia mkononi, ukidhani tunacheza.

Wewe si mchungaji wa ng'ombe wetu. Wewe ni mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Hukukosa kitu, na hakuna aliyekukosea alipokuangusha. Ulikuwa na baridi tu, miaka mingi, na sisi hatukujua.

Nikirudi moja kwa moja, tutakwenda wote kukata nyasi. Wewe utakaa juu, mbele, karibu na farasi.

Mpwa wako,
Cyril


Roven ya Juu, 13 Septemba 1987

Cyril,

Alhamisi tulikuwa kwa daktari Horecka kwa kipimo cha miezi kumi. Alimwekea Agnesa vipande vitatu vya mbao mbele yake aone atafanya nini. Binti yako alikichukua cha kwanza akakitupa chini, akakichukua cha pili akakitupa chini, cha tatu akampiga nacho daktari kifuani, kisha akainama kutafuta viko wapi. Nilianza kuomba radhi. Daktari akaniinulia mkono ninyamaze. Alikuwa amegeukia dirisha. Alipogeuka tena aliandika kwenye jalada kwa muda mrefu, akanisomea: "Anatafuta kilichoanguka. Mkaidi kwa kiwango cha umri wake." Akaniambia, "Nenda nyumbani, binti yangu. Mpe nusu na robo sasa, amekua."

Barua yako kwa mjomba ilifika jana. Nilimketisha kwenye magogo nje, mama akatoka na Agnesa begani, nikasoma. Nilipofika kwenye tufaha nilidhani sitaendelea. Yeye alikuwa ametazama midomo yangu wakati wote. Nikamaliza, nikakunja karatasi.

Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, una joto kama mkate, akaikunjua karatasi mwenyewe.

"Tena," akasema.

Nikasoma tena. Akasema, "Tena." Nikasoma mara ya tatu na ya nne, sauti yangu ikaanza kukwaruza. Alipoitaka mara ya tano, mama alinipa mtoto, akakaa kwenye gogo ubavuni mwake, akaichukua barua. Unajua mama anavyosoma, kidole chini ya kila neno. "Mjomba," akasoma, "hii ni barua yako." Niliwaacha hapo nikaingia ndani kuwasha jiko, na kupitia dirishani nilimsikia akilifikia lile neno la kuangushwa, akalisoma kwa sauti ile ile, akaendelea.

Wako,
Hedviga